Popote Pasipo na Jiko

Mwaka ule nyumba ya Maulidi ilichukua wiki mbili nzima kuchagua pa kwenda kuvunja jungu, ile karamu ya mwisho kabla ya Ramadhani, na katika wiki hizo kila mwenye mdomo alisema lake, isipokuwa mwenye jungu lenyewe.

Mwenye jungu ni Shufaa, mke wa Maulidi. Ni yule anayekaanga samaki pale soko la samaki Bagamoyo, mwenye karai kubwa na maneno machache. Tangu asubuhi husimama juu ya mafuta ya moto akigeuza vibua na changu kwa ajili ya watu wasiomjua. Jioni hurudi kwake Magomeni ya hapo hapo Bagamoyo, akavua dera linalonuka samaki, akavaa linalonuka vitunguu, akasimama tena jikoni kwa ajili ya watu wanaomjua. Tofauti ni kwamba wale wa sokoni hulipa, na wakishiba husema ahsante.

Sisemi kwamba nyumba ile ilikuwa na watu wabaya. Hata kidogo. Maulidi ni fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole ambaye hajawahi kumpazia mkewe sauti. Mama yake, Bi Ashatu, ni mtu wa swala na utani. Watoto ni watatu: Adila aliyeanza sekondari, Yusuf wa darasa la tatu, na Dadi ambaye bado anavaa viatu mguu siyo. Ni watu wazuri wote, na wote wanakula mara tatu kwa siku.

Maneno yalianza usiku mmoja baada ya Isha, watu wameketi jamvini, sahani bado hazijaondolewa.

"Mwaka huu tusivunje jungu nyumbani," Maulidi alisema. "Ramadhani ikishaingia hakuna tena kutoka. Tutafute mahali, watoto wakapunge upepo."

"Hotelini!" Yusuf akaruka. "Kwenye bwawa lenye mtelezo!"

Watoto hawa wanaishi karibu na bahari kiasi kwamba sare zao za shule zikianikwa zinakauka na chumvi. Lakini bahari hawaitaki. Wanataka bwawa la maji ya dawa, tena la kulipia.

"Na bahari ile pale ina nini?" Bi Ashatu akauliza.

"Haina mtelezo, bibi."

"Nimekujua, mume wangu. Unataka nizame huko bwawani upate kuoa mwingine." Bibi na mjukuu wakachekana, kama wafanyavyo kila siku. Kisha Bi Ashatu akatoa lake: yeye alitaka Fukayosi, kwa kaka yake Husseni, shambani, kuna kuku, kuna muhogo, kuna kivuli, na hajamwona kaka yake tangu mvua za mwaka jana. Adila akasema Fukayosi hata picha ya kupiga hakuna. Maulidi akasema moyo wake uko Saadani, kwa sababu ni aibu mtoto wa Bagamoyo kumjua tembo kwenye simu tu.

Walipomaliza kubishana, Maulidi akamgeukia mkewe. Namsifu kwa hilo, aliuliza.

"Na wewe mama Adila, unapenda wapi?"

"Popote tu," Shufaa akasema, akizipanga sahani. "Mtakapo ninyi."

Hivyo ndivyo alivyolelewa kusema. Kwao, mwanamke akiulizwa anataka nini, kwanza hutazama wenzake wanataka nini. Isitoshe, mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, na neno la uchovu likisemwa mbele ya mama mkwe huweza kusikika vingine, kama vile mtu anahesabu matonge ya wazee. Shufaa aliliogopa hilo kuliko alivyouogopa uchovu wenyewe.

Lakini moyoni alikuwa na lake. Kila mahali palipotajwa yeye alipaona jikoni kwanza. Fukayosi aliona moshi wa kuni, na kuku wa kukimbizwa, kuchinjwa na kunyonyolewa. Saadani aliona kupika usiku kucha na kufungasha kwenye mahotpoti, maana huko mbugani hakuna wa kukuuzia hata andazi. Ufukweni aliona mafiga, mchanga ndani ya wali, na watu waliotoka majini wakiuliza kama tayari. Alichokitaka ni kidogo sana, mtu angeweza kumcheka: siku moja ya kukaa mahali pasipo na jiko, aletewe chakula, ale, ainuke.

*

Siku ya tatu au ya nne akapiga simu Jasmin, dada yake Maulidi, aliyeolewa Dar es Salaam na anayeuza vitambaa kwenye duka la watu Kariakoo. Maulidi akaweka spika, nyumba nzima ikasikia.

"Wifi yangu! Mwaka huu nasi tunakuja huko, mimi na wanangu. Tunavunja jungu pamoja!"

"Karibuni sana, wifi," Shufaa akasema haraka. Hakuna mtu wa pwani ambaye neno hilo halimtoki kabla hajafikiri.

"Na nimeshapata mahali. Ipo hoteli hapo hapo Bagamoyo, bwawa lipo, watoto wanaogelea, na chakula cha mchana kimo humo humo kwenye kiingilio. Wewe unakaa tu, wifi. Unaletewa!"

Shufaa alikuwa anamenya kitunguu. Kisu kikasimama.

Siku mbili zilizofuata alikaanga samaki akiwa hayupo sokoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto, chini ya mwavuli, na kijana mwenye shati jeupe anamwinamia anamuuliza, "Mama, nikuletee nini?" Hapo ndipo ndoto ilipokwama, kwa sababu hakujua angejibu nini. Hakuna aliyemuuliza swali hilo kwa miaka mingi. Akawaza wali, akawaza kuku, akawaza chipsi. Mwisho akaamua atamwambia alete chochote, mradi kije kwenye sahani na yeye amekaa.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, jirani yake Arafa, mama Shuaibu, ambaye nyumba yake inatazamana na yao mlango kwa mlango na anauza vitumbua asubuhi na maharage jioni.

"Ukienda," Arafa alimwambia, "kaa hapo kitini mpaka wakufukuze."

Haikufika huko. Bi Ashatu alisema yeye hali nyama ya hotelini, hajui imechinjwa na nani. Kwa hiyo apikiwe chake cha kwenda nacho. Jasmin naye akapiga tena kusema ameuliza, kumbe mtoto analipa sawa na mtu mzima, na hoteli hairuhusu kuingia na chakula kutoka nje. Maulidi akakuna kichwa, halafu uso ukamng'aa.

"Basi mambo ni rahisi," akasema. "Twende mahali tukapike wenyewe, tule kwa raha zetu."

Katika nyumba ile, neno "wenyewe" lina mtu mmoja ndani yake. Shufaa akainama akaendelea kuchambua mchele, na mtu aliyemtazama asingejua kwamba kuna kitu kimemfia. Mchele ulikuwa na mawe na ilibidi uchambuliwe.

Ubishi ukarudi mwanzo. Kaole ikapendekezwa, ikakataliwa. Mbegani ikapendekezwa, ikakataliwa. Fukayosi ilikaribia kupita, Adila akanuna. Mwishowe Saadani ikashinda, si kwa ubora wake bali kwa sababu Maulidi alimfuata rafiki yake Mwinjuma mwenye Noah akamlipa gari la kwenda na kurudi kabla watu hawajaafikiana. Gari likishalipiwa, maneno huisha.

Ikabaki siku. Jumamosi ilikuwa ni ishirini na tisa Shaabani. Jasmin kazini kwake Jumamosi hutoka mchana, kwa hiyo asingewahi kusafiri na kutembea siku hiyo hiyo. Ikasemwa Jumapili.

Hapo ndipo Shufaa alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza katika shauri lote.

"Na mwezi ukiandama Jumamosi jioni?"

Watu wakamtazama Bi Ashatu. Bi Ashatu ndiye kalenda ya nyumba. Mwaka uliopita alisema Idi itakuwa siku fulani wakati redio bado inasuasua, na ikawa.

"Hauandami," akasema, akihesabu kwa vidole juu ya kanga. "Rajabu ilikatika ishirini na tisa. Hii itatimia thelathini. Jumapili tunakula mchana kweupe, nyie pikeni tu."

*

Jumamosi Shufaa hakwenda sokoni. Aliinuka na adhana ya alfajiri na hakukaa tena. Kwa kuwa huko mbugani hakuna kupika, kila kitu kilitakiwa kiwe tayari kabla. Akakaanga kuku. Akasukuma chapati mpaka viganja vikawa havisikii. Akakunja sambusa, akasonga kachori, akachemsha mayai, akakamua ukwaju akajaza dumu. Nyama ya pilau akaichemsha na tangawizi na vitunguu saumu akaiweka pembeni, ili ajidamke akamilishie. Adila alimsaidia kumenya viazi vizuri tu mpaka simu yake ilipolia, akatoka nje kuzungumza, na viazi vikamsubiri mama.

Mchana kiuno kilianza kumkatika. Alipika akiwa ameegemea ukuta kwa bega, mguu mmoja juu ya kigoda. Mara mbili alijiambia kwamba kesho, huko Saadani, watu wakishaanza kutazama hao tembo, yeye atabaki ndani ya gari alale. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake sasa. Alikuwa ameipunguza na kuipunguza mpaka ikatosha kwenye siti moja ya Noah.

Jasmin aliingia alasiri na watoto wake wawili na mabegi ya kutosha mwezi. Wakasalimiana kwa kukumbatiana, maana wanapendana kweli. Jasmin akamwamkia mama yake, "Shikamoo mama," akapokea marahaba, akachukua sambusa, akaiuma, akafumba macho.

"Wifi, mkono huu utakwenda peponi peke yake! Haya, nikusaidie nini?"

Alisema hivyo akiwa ameshaketi, viatu ameshavua. Shufaa akamwambia pumzika wifi, umetoka safari, na Jasmin akatii.

Baada ya Maghribi watoto walikuwa barazani, watu wazima ndani, Shufaa jikoni akifuta masufuria. Mara zikasikika kelele.

"Mwezi! Mwezi! Bibi, njoo uone mwezi!"

Watu wakatoka wote, hata Bi Ashatu na magoti yake. Ulikuwa pale kweli, mwembamba, umekaa karibu na mnara wa simu upande wa Makurunge, kila mtu anauona, na mtaa mzima ulikuwa nje ukinyoosha vidole. Wanaume wakaanza takbiri. Arafa na mumewe walikuwa mlangoni kwao, watoto wao wamepanda juu ya tofali. Bi Ashatu akainua mikono akaomba dua, na machozi yakamtiririka, kwa sababu kwa umri wake kila Ramadhani anayoifikia ni zawadi.

Shufaa alitoka wa mwisho, kitambaa cha sufuria mkononi. Naye akautazama, naye akaitikia amina. Alifurahi, wala msimfikirie vibaya, Ramadhani kwake ni mgeni mtukufu kama kwa Mwislamu yeyote. Furaha ikakaa kidogo, halafu ndipo akakumbuka kuku, chapati, sambusa, kachori, mayai na dumu la ukwaju. Akashika nguzo ya baraza.

*

Redio ilipothibitisha, nyumba ilijaa vicheko. Walimcheka Bi Ashatu, na Bi Ashatu alicheka kuliko wote.

"Mimi nilisema thelathini," akajitetea. "Mwezi nao una akili zake."

"Chakula si kipo?" Jasmin akasema. "Hiyo ndiyo daku. Daku ya kifalme!"

"Kweli kabisa," akasema Maulidi. "Na kesho, mama Adila, futari uianze mapema kidogo, wageni wapo. Muhogo wa nazi, tambi, na uji ule wako wa pilipili manga. Ile nyama ya pilau nayo isiharibike."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kesho kutakuwa na jua. Kisha akajipiga paja: gari! Akampigia Mwinjuma, na Mwinjuma akasema yeye pesa ameshaziweka mafuta kwenye gari, waende wasiende atakuwa mlangoni asubuhi.

Ndipo ubishi ukaanza upya, twende wapi na saumu. Yusuf akasema ufukweni. Akaambiwa utayameza maji ufungue. Jasmin akasema wakae tu nyumbani, watoto wake wakasema wamechoka kukaa nyumbani na ndio kwanza wamefika. Bi Ashatu akasema mnaona, mngenisikiliza, twendeni Fukayosi tushinde kwa Husseni, tufuturu huko huko, turudi. Adila akanuna tena. Maulidi akamgeukia mkewe, kama kawaida yake.

"Na wewe unaonaje? Wapi?"

Shufaa alikuwa amebeba sahani za watu wote. "Popote" ilikwisha kufika kwenye ulimi, imezoea njia. Akaweka sahani chini.

"Nendeni Fukayosi," akasema. "Mimi nabaki."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka."

Hakuna aliyepata kulisikia neno hilo likitoka kwake. Jasmin akaacha kutafuna. Shufaa hakumtazama mama mkwe, alimtazama mumewe tu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimechoka, baba Adila. Nimepika tangu alfajiri chakula cha matembezi. Sasa matembezi hakuna, chakula kimekuwa daku, na kesho nipike kingine. Wiki mbili mmekuwa mkichagua pa kwenda, na mimi kila mnapopataja naona jiko. Nilitaka siku moja tu, mahali pasipo na jiko. Hotelini mmeshindwa, Saadani mwezi umekataa. Pamebaki hapa hapa, lakini mkishaondoka wote."

"Wote?" Dadi akauliza. "Na sisi twende wapi?"

"Popote," mama yake akamwambia.

Shufaa alimsubiri Bi Ashatu aseme, maana hicho ndicho alichokiogopa miaka yote.

Bi Ashatu alivuta kanga yake juu ya bega.

"Maulidi," akasema, "mwambie Mwinjuma aje mapema. Kwa kaka yangu hatutakosa muhogo." Halafu, bila kumtazama mtu, "Na hizo sahani, Adila na shangazi yake wana mikono."

Kama alikuwa amekasirika au ameelewa, Shufaa hakujua, na hata leo hajui. Jasmin aliinuka akaenda kuosha vyombo, akivigonganisha kidogo kuliko ilivyohitajika.

*

Noah iliondoka asubuhi ikiwa imejaa. Mahotpoti ya chakula kilichobakia kwenye daku yalikwenda nayo, ya kuwalisha watoto wasiofunga, na nyama ya pilau ilikwenda iwe futari ya wenyeji. Dadi alipunga mkono kupitia kioo cha nyuma mpaka gari likakata kona. Shufaa akaingia ndani, akafunga mlango, akasimama sebuleni.

Hajapata kuisikia nyumba yake ikiwa kimya. Bomba la uani lilikuwa linadondosha tone baada ya tone na hakujua lini lilianza. Akachukua mto akajilaza jamvini, pale pale katikati, mahali ambapo siku nyingine angekanyagwa. Alijiambia apumzishe mgongo tu. Alipofumbua macho adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha.

Akaswali, akalala tena. Alasiri akaswali, na hapo miguu ikainuka yenyewe ikampeleka jikoni, mkono ukafunua ndoo ya mchele, na kikombe kikazama mara kadhaa kabla hajashtuka kwamba anampimia nani. Alirudisha mchele wote. Ilimwingia huzuni, akawawazia wanawe, akajiuliza kama Dadi amekula, kama Yusuf ameifikisha saumu yake ya majaribio. Lakini hakutamani warudi. Hilo lilimtisha kidogo, akaamua kuliacha.

Kwa futari alikuwa na tende na maji. Alikwisha ridhika nazo, ameziweka kwenye kisosi, anangoja adhana, ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa binti mdogo wa Arafa, ameshikilia sinia kwa mikono miwili, ulimi nje kwa uangalifu.

"Mama amesema umebaki peke yako, amesema upokee."

Juu ya sinia palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Shufaa aliifunua mtoto alipokwisha kuondoka. Muhogo wa nazi, kipande cha samaki, tambi pembeni, na kibakuli cha uji wenye moshi. Adhana ikatoka. Akaonja tende, akanywa maji, akala.

Muhogo ulikuwa umezidi chumvi. Shufaa alikaa na tonge mdomoni akiisikia ile chumvi, chumvi ambayo si yeye aliyeitia, na machozi yakamtoka. Sokoni huyafuta haraka akasingizia moshi. Hapa hapakuwa na wa kusingiziwa, akayaacha yashuke, akaendelea kula mpaka sahani ikang'aa.

Ndipo akaitazama hiyo sahani.

Katika mtaa ule sahani ya jirani hairudishwi tupu. Bi Ashatu alimfundisha hivyo wiki ile ya kwanza aliyoletwa bibi harusi: hata ndimu mbili, hata sukari kidogo kwenye karatasi, lakini tupu ni aibu. Na mwezi wa Ramadhani sahani za mtaa huo huzunguka kutoka nyumba hii kwenda ile bila kupumzika, kila moja imejaa, kila moja inadai. Ndimu hakuwa nazo, sukari iliishia kwenye maji ya ukwaju. Palikuwa na unga na mafuta. Angeweza kuchoma hata chapati mbili tatu, si kazi ya muda mrefu. Jiko lilikuwa pale, kibiriti juu yake.

Akaosha sahani. Akaifuta vizuri, mbele na nyuma. Akaswali Maghribi, akajitanda mtandio, akavuka njia.

Arafa alikuwa uani kwake katikati ya masufuria, kanga imelowa jasho mgongoni, watoto wanavutana juu ya kachori moja. Alipomwona akatabasamu, mkono umeshanyooshwa.

"Shoga, nimekula," Shufaa akasema. "Mungu akulipe. Sahani yako hii. Imerudi tupu, nisamehe."

Arafa akaipokea. Akaitazama, akaigeuza akatazama na chini yake.

"Tupu kabisa?"

"Kabisa."

Kutoka ndani mumewe akaita, "Mama Shuaibu! Uji ndio umekwisha? Na daku leo nini?"

Arafa alijishusha taratibu akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani tupu mapajani, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Alitazama mlango wa ndani, kisha akamtazama Shufaa, na akaishusha sauti mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Hiyo Noah ya Mwinjuma," akauliza, "ina siti ngapi?"